Kreatinini ya Nani?

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya damu vinavyotumika kutambua ugonjwa sugu wa figo na kubashiri mwendo wake. Mimi ni mtu wa maabara, na sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwa kipimo kimoja, kreatinini. Ndicho kipatikanacho karibu kila hospitali ya wilaya. Majibu yake huwatuliza watu wengi, na miongoni mwao wapo ambao hawakupaswa kutulia.

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, kisha hurudisha mwilini karibu yote na kuacha lita moja na nusu au mbili zitoke kama mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kikifa kimoja hakioti kingine. Vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa, ndiyo maana ugonjwa huu hujificha kwa miaka: mtu hupoteza nusu ya uwezo wa figo zake huku analima, anafundisha au anaendesha bodaboda, wala haumwi mahali. Miguu kuvimba, kichefuchefu, kuwashwa mwili mzima na kuishiwa pumzi ni dalili za mwishoni. Watafiti waliopima watu wazima wa Moshi, mjini na vijijini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikadiria kuwa asilimia 7 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15, vijijini 2. Wengi wa waliokutwa nao hawakuwa na habari. Mtu wa namna hiyo haletwi hospitali na maumivu. Kitakachomfichua ni damu yake na mkojo wake, basi tunawajibika kujua damu hiyo inasema nini hasa.

Misuli ina kemikali iitwayo kreatini, inayosaidia kuhifadhi nguvu. Kila siku asilimia moja hadi mbili ya kreatini hiyo hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, ambayo mwili hauna kazi nayo. Huingia kwenye damu, hupita katika vichujio vya figo na kutoka na mkojo. Mwaka 1886, mjini Königsberg, Max Jaffe alieleza kwamba kreatinini ikichanganywa na asidi ya pikriki pamoja na alkali hutoa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Marekani, Otto Folin aliigeuza rangi ile kuwa kipimo cha namba. Zaidi ya miaka 130 imepita tangu Jaffe, na mashine nyingi katika maabara zetu bado zinasoma rangi hiyohiyo, kwa kuwa kemikali zake ni za bei ya chini. Ina kasoro zake. Sukari iliyo juu sana, ketoni na baadhi ya viuavijasumu vya kundi la sefalosporini huweza kuipandisha, na bilirubini ya mgonjwa mwenye manjano huishusha. Ipo njia ya vimeng'enya iliyo safi zaidi, ila inagharimu zaidi. Hata hivyo kasoro ya kemikali ni ndogo ikilinganishwa na kasoro ya tafsiri, na hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Fikirini taka za mtaani. Ukikuta lundo dogo huwezi kusema kwa hakika kwamba gari la taka linapita kila siku. Huenda linapita mara moja kwa juma, ila mtaa wenyewe una kaya chache. Kreatinini iliyomo kwenye damu ni lundo hilo: ukubwa wake hutokana na kiasi kinachozalishwa na kiasi kinachoondolewa, na mashine yetu haina namna ya kutenganisha hayo mawili. Mpakia mizigo wa bandarini mwenye misuli iliyojaa atakuwa na kreatinini ya juu hata figo zake zikiwa nzima. Bibi aliyekonda, mgonjwa aliyelala kitandani miezi mitatu, mtu ambaye nyama huila sikukuu tu, hao kreatinini yao itakuwa chini hata figo zikiwa zimechoka. Na aliyekula nyama choma nyingi jana usiku anaweza kuja asubuhi na namba iliyopanda bila figo zake kuwa na hatia yoyote.

Tena uhusiano wake na figo hauendi kwa mstari ulionyooka. Kasi ya uchujaji ikishuka kutoka mililita 120 kwa dakika hadi 60, kreatinini ya mtu yuleyule hupanda takriban mara mbili. Kama alianza na mikromoli 50 kwa lita, sasa atakuwa na 100, na fomu nyingi zitasema yumo ndani ya mipaka. Amepoteza nusu ya figo zake na karatasi yake haina alama hata moja.

Chukueni maabara ambayo fomu yake imechapwa mipaka ya 60 hadi 110 kwa watu wazima wote. Wagonjwa wawili wanapata 95. Wa kwanza ni kijana wa kiume wa miaka 25. Wa pili ni mama wa miaka 70. Wote wawili wanaambiwa hali ni ya kawaida. Sasa ingiza umri na jinsia katika fomula ya Marekani ya mwaka 2021: kijana anapata uchujaji wa mililita 98 kwa dakika, kwa kipimo cha mwili wa wastani kinachotumika katika hesabu hizi. Mama anapata 56. Chini ya 60, hali hiyo ikidumu miezi mitatu au zaidi, tayari ni ugonjwa sugu wa figo. Kilichomtenganisha mama yule na utambuzi ni hesabu ambayo simu ya mkononi huifanya kwa sekunde moja. Kwa msimamo wangu, kreatinini ya mtu mzima haifai kutoka maabara ikiwa peke yake. Itoke na makadirio ya uchujaji yameandikwa pembeni, kila mara, bila daktari kuyaomba. Hakuna kemikali ya kununua wala mashine ya kuagiza.

Nikishasema hivyo, lazima niseme pia fomula hizo zimetoka wapi, kwa sababu kila fomula imebeba miili ya watu waliopimwa ilipotungwa. Mwaka 1976 Donald Cockcroft na Henry Gault, nchini Kanada, walitunga yao kutokana na wagonjwa 249, karibu wote wanaume. Kwa wanawake walipendekeza tu kwamba jibu lipunguzwe asilimia 15. Fomula hiyo ilitumika duniani kote kwa miongo mingi kupangia watu dozi za dawa. Kisha, kutokana na kazi ya Andrew Levey na wenzake iliyotoka 1999, Marekani ikaja na fomula yenye kiongezo cha rangi: mgonjwa akiandikwa kuwa mweusi, jibu lake lilipandishwa karibu moja ya tano. Fomula iliyofuata, ya 2009, ikabaki na kiongezo hicho, safari hii cha asilimia 16. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika takwimu zao Wamarekani weusi walionekana, kwa wastani, kuwa na kreatinini ya juu zaidi kwa kiwango kilekile cha uchujaji. Basi wastani wa kundi moja la watu wa Marekani ukawekwa juu ya kichwa cha kila mtu mweusi duniani, Msukuma na Mluo, mtu wa Lamu na mtu wa Bukavu.

Mrudieni mama wetu wa miaka 70. Kwa fomula ya 2009 bila kiongezo angepata 52. Kiongezo cha rangi kingemvusha mstari wa 60, na ugonjwa wake ungefutwa kwenye karatasi kwa sababu ya ngozi yake. Mwaka 2021, baada ya madaktari na wanafunzi wengi wa Marekani kupinga, kiongezo hicho kiliondolewa na fomula mpya ikatoka. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini fomula isiyotaja rangi haijawa kwa hilo fomula iliyotupima sisi.

Kazi iliyotupima ilichapishwa 2022 katika jarida la Lancet Global Health. June Fabian wa Afrika Kusini, Robert Kalyesubula wa Uganda na wenzao walichukua watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini, wakawapima uchujaji kwa njia ya kweli: unamdunga mtu dawa iitwayo ioheksoli, kisha unachukua damu kwa saa kadhaa na kuangalia figo zinaiondoa kwa kasi gani. Ni kazi ya jasho, ndiyo maana ni nadra. Walipolinganisha majibu hayo na makadirio ya kreatinini, makadirio yalizisifia figo kupita ukweli wake. Walikadiria kwamba watu wenye figo zilizopungua uwezo katika jamii hizo ni zaidi ya mara mbili ya wale ambao kreatinini ingewaonyesha. Kwangu mimi hakuna matokeo ya miaka ya karibuni yanayostahili kusomwa zaidi ya haya katika vyuo vyetu vya tiba. Yanatuambia kwamba takwimu tulizozoea kuzinukuu, hata za nchi zetu wenyewe, huenda zimepungukiwa.

Katika utafiti huohuo makadirio yaliyotumia sistatini C yalikaribia ukweli zaidi. Sistatini C ni protini ndogo inayotengenezwa na karibu kila seli ya mwili yenye kiini, kwa kasi isiyobadilika sana, na wingi wa misuli hauna sauti kubwa katika jambo hilo. Anders Grubb na wenzake wa Lund, Sweden, ndio walioitangaza kuwa kipimo cha figo katika miaka ya 1980. Nayo si malaika. Hupandishwa na dawa za steroidi kama prednisoloni, na uvutaji wa sigara, na unene uliokithiri, na uvimbe wa mwili wa muda mrefu. Ugonjwa wa tezi ya shingo huivuruga. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2024 unahimiza vipimo viwili vitumike pamoja pale vinapopatikana: kosa la kimoja hupunguzwa na kingine. Hapa kwetu bei ya sistatini C bado ni mara kadhaa ya bei ya kreatinini, na hospitali nyingi hazina kabisa.

Sitaki kuziomba wizara za afya zinunue sistatini C kwa kila mtu. Nataka ipatikane kwa wale ambao kreatinini inawadanganya kwa sababu tunayoifahamu kabla hata ya kutoa damu. Watoto na watu wazima wenye siko seli ni mfano. Misuli yao mara nyingi ni midogo, na figo zao katika miaka ya mwanzo huchuja kwa kasi iliyopitiliza na kutoa kreatinini kwa wingi, hivyo namba ya chini kwao haina maana ya usalama. Katika nchi yenye wagonjwa wengi wa siko seli kama Tanzania, hilo ni kundi kubwa.

Mfano wa pili nitaukalia, kwa kuwa unahusu mamilioni ya watu katika ukanda wetu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe katika dawa za mstari wa kwanza kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Leo wengi wanameza kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kile kinachoitwa TLD. Humo ndani mna mtego kwa mtu wa maabara. Dolutegraviri huzuia mlango mmoja mdogo ambao figo huutumia kutolea sehemu ya kreatinini, kwa hiyo namba hupanda kidogo katika majuma ya kwanza kisha hutulia, na figo haijaumizwa hata kidogo. Kotrimoksazoli, ile Septrin ya kila siku, hufanya vivyo hivyo. Lakini tenofoviri iliyo ndani ya kidonge hichohicho inaweza, kwa baadhi ya watu, kuumiza mirija ya figo kwelikweli. Daktari anakabidhiwa namba iliyopanda, na ndani yake kuna dawa moja isiyo na kosa na nyingine inayoweza kuwa nalo. Akimhamisha mgonjwa kwa hofu, huenda amemwondoa kwenye dawa nzuri. Akipuuza, huenda figo zinakwenda. Kreatinini haiwezi kumsaidia hapo. Sistatini C inaweza, hasa kwa mgonjwa ambaye virusi vyake vimedhibitiwa, maana virusi visivyodhibitiwa navyo huipandisha. Kama hakuna, basi apimwe protini na sukari kwenye mkojo, na namba ya damu irudiwe baada ya majuma machache ionekane kama imetulia au inaendelea kupanda.

Kipo kisa kinachofanana na hicho kwa wenye presha na kisukari. Mgonjwa anaanzishiwa losatani au enalaprili, anarudi baada ya majuma mawili, kreatinini imepanda kidogo, dawa inasimamishwa. Kupanda kusikozidi asilimia 30 baada ya kuanza dawa hizi kwa kawaida hukubalika: dawa inapunguza msukumo ndani ya vichujio, na huko ndiko kuvilinda. Watu wamenyang'anywa dawa iliyokuwa inawaokoa kwa sababu namba ilisomwa bila kuulizwa imepanda kwa nini. Wakati huohuo diklofenaki na ibuprofeni, zinazoweza kuziumiza figo zilizo dhaifu, zinauzwa dukani bila swali lolote.

Urea sitaipa muda mrefu. Hupanda kwa kukosa maji mwilini, kwa mlo wa protini nyingi, kwa kuvuja damu tumboni. Ina kazi yake wodini, ila kwa kutambua ugonjwa sugu mapema ni shahidi dhaifu. Potasiamu, fosfeti, bikaboneti, himoglobini na homoni ya paratiroidi hutuonyesha madhara ya figo zilizokwisha kushuka, na hayo yana matibabu yake.

Mkojo nao lazima utajwe hata katika mhadhara wa damu. Kipimo cha albumini kwenye mkojo, kikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huohuo, huonyesha kama kichujio kimeanza kuvuja. Kuanzia miligramu 30 kwa gramu, kwa miezi mitatu au zaidi, ni ugonjwa hata uchujaji ukiwa 100. Mwenye kisukari ambaye anapimwa damu tu amepimwa nusu.

Sasa kubashiri. Ubashiri wa kwanza hauhitaji teknolojia yoyote. Watu wetu hutunza karatasi za hospitali. Mgonjwa huja na mfuko wa nailoni wenye fomu za miaka sita. Zipangeni kwa tarehe. Kila kreatinini igeuzeni kuwa uchujaji, mkizingatia kwamba maabara tofauti hazilingani sawasawa. Anayepoteza zaidi ya mililita 5 kwa mwaka, mfululizo, yuko katika mteremko mkali, na hilo ni muhimu kuliko kama leo ana 58 au 61. Nimewaona wagonjwa ambao kila fomu yao, ikisomwa peke yake, ilisema kawaida, na zikipangwa pamoja zilionyesha figo zinazoporomoka.

Ubashiri wa pili ni mlinganyo uliotolewa mwaka 2011 na Navdeep Tangri na wenzake kutokana na wagonjwa wa Kanada, kwa wale ambao uchujaji wao uko chini ya 60. Unaweka umri, jinsia, uchujaji na albumini ya mkojo, unapata uwezekano wa figo kufeli kabisa ndani ya miaka miwili na ndani ya mitano. Toleo refu huongeza kalsiamu, fosfeti, bikaboneti na albumini ya damu. Mwaka 2016 ulijaribiwa kwa watu zaidi ya 700,000 kutoka nchi zaidi ya 30, na ukafanya kazi vizuri. Naukubali na naomba utumike. Ila kumbukeni kwamba unalishwa uchujaji wa kukadiria. Makadirio yakizisifia figo za Mwafrika, hatari itakayotoka upande wa pili nayo itapunguzwa.

Zipo pia protini mpya. Mwaka 2012 watafiti wa Joslin, mjini Boston, walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye viwango vya juu vya vipokezi vya TNF katika damu ndio waliokuwa wakielekea kwenye kufeli kwa figo, hata pale uchujaji wao ulipokuwa bado mzuri. Protini ya KIM-1, inayotolewa na mirija ya figo iliyojeruhiwa, imeungana nazo, na Marekani tayari kuna kipimo kinachoziunganisha na taarifa za mgonjwa na kutoa alama moja ya hatari. Ni sayansi nzuri na nawasihi vijana wetu waisome. Lakini hospitali isiyoandika uchujaji kwenye fomu haina haja ya kuanzia huko.

Zamani watu waliuliza kuna faida gani kujua mapema. Mwaka 2001 tafiti kubwa mbili zilionyesha kwamba losatani na dawa ya ukoo wake hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa wenye kisukari. Mwaka 2020 dapaglifozini ilipunguza kwa asilimia 39 mkusanyiko wa matukio mabaya uliohusisha figo kushuka kwa nusu au zaidi, kufeli, na kifo cha figo au moyo, kwa wenye kisukari na wasio nacho. Dawa za kundi lake ziliingia 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuchelewesha kufeli kwa miaka mitano, kumi, ni mtoto kumaliza chuo akiwa na mzazi wake. Mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, humaliza akiba ya ukoo mzima. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata; ni hatua kubwa, lakini wanaofikiwa ni wachache mno kulingana na wahitaji.

Na hata asiyeweza kuzuiwa kufika huko, ubashiri humpa muda. Mwongozo wa kimataifa unataja uwezekano wa asilimia 40 ndani ya miaka miwili kuwa wakati wa kuanza maandalizi: kuzungumza na ndugu kuhusu figo ya kupandikiza, na kumwona daktari wa upasuaji aunganishe ateri na vena mkononi, maungio ambayo huhitaji miezi kadhaa kukomaa kabla ya sindano ya mashine. Wengi wetu huwapokea wagonjwa wakiwa wamechelewa, mpira unawekwa shingoni usiku wa dharura, na maambukizi hufuata. Hapo ndugu zangu wa maabara wana kazi yao. Mgonjwa ambaye uchujaji wake umeshuka chini ya 30 mishipa ya mkono asioutumia kuandikia isichomwe tena. Damu yake itolewe mgongo wa kiganja, na agizo hilo liandikwe juu ya fomu yake ya maabara, mahali ambapo mtoa damu wa zamu ya usiku ataliona kabla hajafunga mpira mkononi.